Pembe Niliyoiunga kwa Gundi

Jumamosi iliyopita Neema aliuweka msumeno wake mezani, akavua miwani ya vumbi, akasema, "Mimi basi. Hii kazi haina huruma." Alikuwa amekata jani la mgomba kwa wiki tatu. Ilipobaki kona moja tu, kikonyo kikakatika. Nyie wengine mlicheka kidogo halafu mkanyamaza, maana kila mmoja wetu pale Shanwe tunapokutana ana sanduku la vikonyo vilivyokatika, hata kama analificha chini ya kitanda.

Sikumjibu siku ile. Neema ni muuguzi, anamjua mtu anayetaka kumpoza kabla hajafungua mdomo. Nimeamua kumjibu kwa kuandika. Nimestaafu miezi miwili iliyopita na mke wangu amechoka kuniona nikizunguka uani nikipanga upya kuni alizokwisha kuzipanga, kwa hiyo muda ninao. Nawaandikia na nyie wengine wa kundi la Jumamosi, mnaokata mbao kwa kupenda tu baada ya zamu, maduka na madarasa yenu. Vyeo vyangu sitavitaja. Vilikuwa viwili, na kimoja kilikuja kwa makosa ya karani.

Nilizaliwa Kasokola, kwenye mahindi na karanga. Nilipofika karakana ya ufundi hapa Mpanda nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilijua kuchonga mipini ya majembe. Nilidhani huo ndio ufundi wote. Msimamizi alinipeleka meza ya mwisho kabisa, karibu na dirisha, akaniacha kwa mtu mfupi aliyefunga shati mpaka kifungo cha shingoni. Huyo ndiye Mzee Bigirimana. Wazazi wake walimleta kutoka Burundi akiwa mgongoni. Akakulia kwenye makazi ya wakimbizi, na ukubwani akapewa uraia. Alisema serikali ilimuuliza maswali mengi, ila mbao hazikuwahi kumuuliza hata moja.

"Unajua kukata?" akaniuliza.

"Najua, mzee."

"Basi kata."

Alinipa kipande cha mninga chenye mstari wa penseli uliopinda kama ndoano, na msumeno ambao sikuwahi kuuona. Fremu yake ilikuwa kama herufi U iliyolazwa, na kati ya ncha zake mbili umefungwa wembe mwembamba kama unyasi. Pale karakana tuliuita msumeno wa maua. Kabla ya chai nilikuwa nimevunja nyembe nne. Hakunigombeza. Aliokota vile vipande kimoja kimoja akavitia kwenye kopo la maziwa, na mlio wa kila kipande kikianguka ndani ya kopo ulinichoma kuliko matusi.

"Unasukuma," akasema. "Kwa nini?"

"Ili uende."

"Wenyewe unakwenda. Wewe geuza ubao tu. Buhoro."

Buhoro ni polepole kwa Kirundi. Nililisikia neno hilo mara nyingi kuliko jina langu.

Nyembe tulizitengeneza wenyewe wakati ule. Tulichukua utepe wa chuma unaofungia makreti, tukaupasua mwembamba, tukaukata meno kwa tupa ya pembetatu, jino baada ya jino, kichwa kimeinama mpaka shingo inakufa ganzi. Nyie mnanunua pakiti nzima dukani na mnalalamika kwamba hazidumu. Hazidumu kwa sababu mnazifunga zikiwa zimelegea. Ukishaufunga wembe, uguse kwa kucha; ulie kama uzi wa zeze. Ukitoa sauti bubu, fungua ufunge tena. Na meno yaangalie chini. Nimemwona mtu mzima, tena mwalimu wa hesabu, akikata nusu saa nzima meno yakiangalia juu, akaishia kuilaumu mbao.

Mzee alikuwa na mashine yake mwenyewe pia, aliyoiunda kutoka kwenye cherehani iliyokufa. Ukikanyaga kanyagio, gurudumu linazunguka, mkono wa mbao unapanda na kushuka na wembe wake. Umeme wa Mpanda miaka ile ulikuwa wa jenereta na wa mgao. Mashine nyingine zote zikizima, sisi tuliendelea, tukikanyaga kama washona nguo. Mnaopata umeme siku nzima, mashine zenu zina kasi kubwa, na kasi ndiyo inayowapeleka nje ya mstari. Punguzeni. Pakeni nta ya nyuki kwenye wembe, ile inayoletwa kutoka Inyonga, nayo itazuia utomvu wa mninga usiukamate. Na vaeni barakoa. Sisi tulifunga leso puani tukajiona wajanja. Leo nikikohoa asubuhi, jirani anajua nimeamka.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike.

Mwaka wangu wa sita alikuja karakana mama mmoja aitwaye Kija, pamoja na shemeji yake, Luhende. Walikuwa Wasukuma, wafugaji, wanakaa njia ya Inyonga, saa mbili kwa pikipiki. Mume wa Kija, Masanja, alikuwa amefariki baada ya kuugua muda mrefu. Walitaka msalaba wa kaburi. Msalaba ni kazi ya kawaida, na Luhende alitaka uwe wa kawaida. Kija ndiye aliyetoa kipande cha boksi kwenye kanga yake akakilaza mezani. Alikuwa amechora fahali kwa mkaa.

"Nataka na huyu awe pale katikati, mikono ya msalaba inapokutana," akasema.

Luhende akaangalia pembeni. Nadhani walishabishana njiani.

"Masanja hana picha," Kija akaendelea. "Ile moja ya kitambulisho iliharibika kwa mvua. Watoto wadogo watasahau sura yake, hasa Kabula, ana miaka mitano. Lakini ng'ombe huyu wanamjua wote. Alikuwa wa kwanza kwenye boma lake, na alikuwa akitembea naye kama watu wawili. Tulimuuza wakati wa ugonjwa." Akaweka kidole kwenye mchoro. "Pembe ya kulia inapanda. Ya kushoto inashuka hivi, inapita kando ya jicho, halafu inarudi juu kidogo. Hiyo usiikosee, fundi. Bila hiyo siyo yeye. Ni ng'ombe tu."

Mzee Bigirimana alisikiliza mpaka mwisho, akachukua lile boksi kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto, akanipa mimi. "Evarist atamkata," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kunipa kazi ya mteja bila kunichorea kwanza alama za kukata. Siku iliyofuata akaenda kwao kwenye harusi ya binti wa dada yake, wiki nzima.

Nilichagua ubao mzuri wa mninga, mwekundu, wa unene wa nusu inchi. Nikabandika karatasi ya mchoro kwa uji wa unga wa muhogo. Hapo ndipo nilipokosea, kabla hata sijashika msumeno. Nyuzi za mbao zilikwenda na urefu wa ng'ombe, kutoka mkiani hadi puani, na zilipendeza kweli, kama misuli. Lakini ile pembe ya kushoto ilikuwa inashuka, maana yake ilizikata nyuzi. Sehemu nyembamba inayokata nyuzi haina cha kuishika. Ni kama biskuti. Nililijua hilo. Mzee alinifundisha mwaka wa kwanza. Sikuangalia, kwa sababu nilikuwa najiangalia mwenyewe nikikata kazi ya mteja.

Nilikata siku tatu. Nilianza na jicho, nikitoboa tundu kwa keekee na kupitisha wembe ndani yake, kwa sababu matundu ya ndani hukatwa kwanza, mbao ikiwa bado na mwili wa kuizuia. Hilo nililifanya sawasawa. Halafu nikazunguka nje, tumbo, miguu, nundu, na mwisho ile pembe. Ilipobaki upana wa kidole, wembe ukanasa, nikasukuma. Pembe ikaanguka sakafuni. Haikupiga hata kelele.

Kija alikuwa anakuja kesho yake asubuhi, na msalaba ulikuwa unawekwa Jumamosi ya wiki hiyohiyo. Ningeweza kumwambia. Ningeweza kumwomba wiki moja. Badala yake nikachukua gundi, nikachanganya na vumbi laini la mninga ileile, nikaiunga pembe, nikaifunga kwa uzi mpaka ikakauka, nikasugua kwa msasa, nikapaka vanishi mara mbili. Ilipendeza. Niliigeuza huku na huku nikasema hata mzee hatajua. Gundi kwenye nyuzi zilizokatwa fupi haishiki, inaazima siku chache tu. Hilo nalo nililijua.

Kija alipomwona yule fahali alijifunika kanga usoni. Alinishukuru mpaka nikaona aibu, akaniomba nije Jumamosi, kwa kuwa aliyechonga lazima ale chakula cha nyumbani. Nikaenda. Labda nilitaka kusifiwa mbele za watu. Siwezi kusema vinginevyo.

Watu walikuwa wengi, na jua lilikuwa kali. Katekista alisali, wanaume wakasimamisha msalaba, wakashindilia udongo. Fahali alikuwa katikati, pembe zake zimetokeza hewani, na watu waliomjua wakaanza kumwita kwa jina lake na kucheka huku wakilia. Kisha watoto wakaruhusiwa kusogea. Kabula alikuwa wa mwisho. Luhende akambeba, akamwinua, naye akanyoosha mkono akamshika fahali pembe ya kushoto, taratibu, kama alivyozoea kumshika yule wa kweli.

Pembe ikabaki mkononi mwake.

Mtoto aliangalia kiganja chake, kisha akaangalia msalaba. Bibi yake, mama mzazi wa Masanja, akamchapa kofi mkononi. "Nimesema msishike kwa nguvu! Unaona ulichomfanyia baba yako?" Kabula akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtoto. Luhende akamshusha. Watu wakasema mtoto ni mtoto, mwacheni. Kija aliniangalia mimi, kwa kuniomba radhi, kana kwamba mwanawe ameniharibia kazi yangu.

Nami nikasema, "Si kitu, mama. Nitatengeneza nyingine."

Ndivyo nilivyosema. Nilikula wali na nyama yao, nikapanda pikipiki, nikarudi Mpanda.

Mzee Bigirimana alirudi Jumatatu asubuhi. Nilikuwa nimepanga kusema kwamba pembe imevunjika, nikomee hapo. Lakini aliuliza, "Imevunjikaje?" na mimi, sijui kwa nini, nikamweleza yote, mpaka kofi, mpaka wali. Alikuwa anavaa aproni. Akaivua, akaitundika msumarini.

"Twende," akasema.

"Tumalize hii milango kwanza, mzee, kesho tuondoke mapema."

"Yule mtoto amebeba kosa lako tangu Jumamosi. Wewe unasema kesho?"

Tulipanda pikipiki moja, sisi wawili na dereva. Tulipofika, Kija alikuwa anapembua mahindi. Tulikaribishwa vigoda. Mzee akakaa, akaweka mikono magotini, akaangalia mbele. Nilisubiri aanze, yeye ndiye mkubwa, ndiyo heshima. Hakuanza. Nikaelewa kwamba amekuja kunisindikiza tu.

"Mama Kabula," nikasema. "Ile pembe ilishavunjika kabla sijakukabidhi. Niliivunja mimi nikikata. Nikaiunga kwa gundi, nikapaka vanishi ili usione. Kabula hakuivunja. Nami nilikuwepo, nikaona anachapwa, nikanyamaza."

Kija akaacha kupembua. Ungo ukabaki mapajani. Akasema kwa sauti ya chini, "Unajua watoto wenzake wanamwambia nini? Wanamwambia amemvunja baba. Chakula hali vizuri. Hataki kupita upande ule wa kaburi, anazunguka boma lote kwenda kisimani."

"Nisamehe, mama."

"Mimi subiri. Mwambie kwanza yeye."

Kabula akaitwa. Alikuja akijificha nyuma ya kaka yake. Nilichuchumaa chini mpaka macho yangu yakawa sawa na yake, nikamwambia maneno yaleyale, kwa lugha rahisi: mimi fundi ndiye niliyevunja, nikadanganya, wewe hukufanya kosa. Kabula akamgeukia mama yake.

"Mayu, siyo mimi?"

"Siyo wewe, mwanangu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akaondoka mbio nyuma ya nyumba, akarudi na ile pembe imefungwa kwenye kitambaa. Alikuwa ameificha siku zote hizo. Akaniwekea mkononi, haraka, kama mtu anayetua mzigo wa moto. Bibi yake alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja akamchukua yule mtoto, akamkalisha mapajani na kuanza kuupapasa mkono aliouchapa. Hapo ndipo nilipolia. Mzee Bigirimana hakunitazama. Alikuwa anatazama ng'ombe.

Tulipokuwa tunaaga, Kija akanisogelea. "Fundi, pembe nimekusamehe," akasema. "Kunyamaza, bado."

Nilikata fahali wa pili kwa siku tisa. Safari hii nilichukua mbao tatu nyembamba za mninga nikazibandika pamoja kwa gundi isiyoogopa maji, ile ya kati nikailaza nyuzi zake kinyume na nyingine mbili, ili popote pembe itakapoelekea iwe na nyuzi za kuishika. Sikutupa vile vipande vinavyokatwa pembeni. Nilivirudisha mahali pake na kuvishika kwa utepe wa karatasi, vikaitegemeza pembe mpaka mzunguko wa mwisho wa wembe. Neema, hilo ndilo jibu la jani lako la mgomba, kama unatafuta jibu la mbao peke yake. Geuza mchoro mpaka kikonyo kifuate nyuzi. Kikikataa, tengeneza mbao ya tabaka tatu. Na kikivunjika hata hivyo, kivunjike mbele za watu, kama ulivyofanya Jumamosi. Ulituonyesha palepale. Mimi nilihitaji miaka sita ya kazi na machozi ya mtoto kufika hapo ulipofika kwa wiki tatu.

Nilipompeleka yule fahali wa pili, Kija alimshika pembe ya kushoto na kuivuta kwa nguvu zake zote, mbele yangu, mpaka mishipa ya mkono ikamtoka. Pembe haikutoka. Akamwita Kabula, akamwambia na yeye avute. Akavuta. Akavuta tena kwa mikono miwili, huku akining'inia, halafu akacheka. Lile neno la pili la msamaha Kija hakuwahi kuniambia. Baada ya mavuno ya mwaka uliofuata aliniagiza meza, na akataka nisiweke maua. "Meza tu, fundi," akasema. "Iwe imara." Nikaitengeneza imara.

Watu huuliza kwa nini hatukukimbiwa na wateja baada ya hapo, maana habari ilienea. Sijui. Najua kwamba Mzee Bigirimana hakulizungumza tena, isipokuwa mara moja. Nilikuwa nimevunja ua dogo kwenye kitanda cha bwana mmoja wa Inyonga, nikamwita mzee nimwonyeshe. Akaja, akaangalia, akasema, "Sawa. Tukate lingine," na akakaa na mimi mpaka likaisha. Kumbe inawezekana kuvunja kitu na siku ikaendelea kuwa siku.

Tulifanya kazi meza moja miaka mingine kumi na moja. Tulikata majina ya shule, fremu za vioo, viti vya maharusi, misalaba mingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kisha parokia ya kule kwao, kwenye makazi alikokulia, ikamwomba akate paneli nne za kuweka nyuma ya altare. Alichora maharage yanayotambaa, yale ya kupandia mti, mkunjo juu ya mkunjo, vikono vimejisokota hewani. Alisema mama yake aliwalea kwa maharage, na hakuona sababu ya kumwekea Mungu maua ya watu wengine. Kazi hiyo aliifanya peke yake. Mimi nilinoa tu na kufagia, nikarudi kuwa mwanafunzi, na sikuona vibaya.

Alimaliza paneli ya kwanza na ya pili. Ya tatu, akiwa amefika nusu, siku moja kabla ya saa sita mchana, alitoa mguu kwenye kanyagio, akanyoosha mkono wa kulia juu ya meza. Ulikuwa unacheza. Si kwa uchovu. Ulikuwa unacheza wenyewe, kama jani.

"Umeanza tangu lini?" nikamuuliza.

"Leo. Jana ulikuwa unafikiria kuanza."

Tuliutazama wote wawili. Nikamwambia apumzike wiki, labda ni presha, twende hospitali. Tulikwenda, akapewa dawa, akarudi, na mkono ukaendelea kucheza. Akakaa kwenye kigoda changu, akanionyesha kiti chake.

"Endelea pale nilipoachia."

Nilikaa, lakini sikukanyaga. Mkunjo wake ulikuwa mwembamba, mwepesi, kama mtu aliyeandika barua bila kuinua kalamu. Mkono wangu ni mzito kidogo. Mpaka leo ni mzito. Nilijua itaonekana.

"Mzee," nikasema, "niache nianze upya hii ya tatu. Nikate nzima mimi mwenyewe, na ya nne. Zitafanana. Hakuna atakayejua."

"Nani kakuambia nataka wasijue?"

Nikaendelea pale alipoachia. Alikaa kando yangu wiki tano. Aliposema buhoro, nilipunguza. Siku nyingine hakusema lolote, alisikiliza tu mlio wa wembe, na ukibadilika alikohoa.

Paneli zilibarikiwa siku ya Jumapili. Kanisa lilijaa mpaka nje. Baada ya misa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mtu makini aliyekagua kila tofali la kanisa lile, alisimama mbele ya paneli ya tatu muda mrefu, ameinamisha kichwa. Akamwita mzee. Nilisimama nyuma yao.

"Mzee Bigirimana, hapa katikati mmea unabadilika," mwenyekiti akasema. "Huku ni mwembamba, huku unakuwa mnene. Kuna tatizo?"

Mzee akaweka kidole pale hasa pa kubadilikia, kidole kikicheza juu ya mbao.

"Hakuna tatizo. Hapa ndipo niliposhindwa," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja kijiji anachotoka. "Kuanzia hapa ni mwanangu."

Mwenyekiti aligeuka kunitazama. Mzee alikuwa na watoto wake watano wa kuzaa, walikuwa palepale kanisani, na hakuna hata mmoja aliyeonekana kushangaa.

Alifariki mwaka wa pili baada ya hapo. Mimi nikaendelea kwenye kiti chake miaka mingi, wengine wakaja, wakajifunza, wakaondoka, macho yangu nayo yakaanza kuuona mstari mmoja kama miwili, na nikajua ni wakati. Siku ya kukabidhi funguo, mkuu wa karakana aliniomba nimtajie kazi moja ninayojivunia, aiweke kwenye hotuba. Nilimwambia ipo nyuma ya altare fulani, paneli ya tatu. Akaandika. Akauliza, "Nzima?"

Nikamwambia hapana, ianzie katikati.